Kesi ya Nairobi na hesabu ya hasira

Novemba 3, 2021, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, kaskazini mwa Ethiopia, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo kurasa za Facebook zilikuwa zimeweka picha yake, zikataja jina, mahali pa kazi na mtaa anaoishi, zikimwita adui. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliiarifu kampuni mapema kuhusu machapisho hayo, na jibu likamfikia baba yake akiwa amekwisha kuuawa.

Abrham hakwenda mahakamani Addis Ababa wala California. Desemba 2022 alifungua kesi Mahakama Kuu ya Kenya, jijini Nairobi, pamoja na Mwethiopia mwenzake Fisseha Tekle na Katiba Institute ya Kenya. Nairobi ndiko walikokuwa wakiketi vijana walioajiriwa kukagua machapisho ya Ethiopia na ya nchi nyingine kadhaa za Afrika.

Walalamikaji wanataka Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ianzishe mfuko wa fidia wa Sh200 bilioni za Kenya. Fedha hizo ndizo zilizovuma kwenye vichwa vya habari. Dai zito zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la kuitaka kampuni ibadilishe algoriti yake.

Algoriti ni hesabu inayoamua chapisho lipi ulione kwanza unapofungua simu. Mtu ana marafiki mia tano na kurasa lukuki. Hawezi kuona yote. Basi mashine hutoa pointi: aliyebonyeza dole gumba, aliyetoa maoni, aliyesambaza. Chapisho lenye pointi nyingi hupanda juu.

Mwaka 2017 Facebook iliamua kwamba alama za hisia, ukiwamo uso uliokasirika, zihesabiwe mara tano ya dole gumba. Januari 2018 Mark Zuckerberg akatangaza mabadiliko mengine: machapisho yanayozua mazungumzo baina ya watu yapewe kipaumbele. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuwakaribisha ndugu na marafiki. Lakini nani asiyejua mazungumzo gani hujaza watu haraka kijiweni? Ni ugomvi.

Nyaraka za ndani zilizotolewa na aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, Frances Haugen, na kuanza kuchapishwa na gazeti la Wall Street Journal Septemba 2021, zilionyesha kuwa watafiti wa Facebook wenyewe walionya. Walieleza kwamba wachapishaji na vyama vya siasa barani Ulaya walikuwa wakigeuza lugha yao iwe kali zaidi, kwa sababu ukali ndio uliokuwa ukiwafikisha kwa watu. Uso uliokasirika ulikuja kupewa pointi sifuri Septemba 2020, miaka mitatu baadaye.

Kampuni nyingine ziliufuata mkondo huo hata pale ulipozididimiza. Vyumba vya habari kadhaa nchini Marekani vilifukuza waandishi na kuajiri watengeneza video, maana ndicho mashine ilichokuwa ikikipenda. Mwaka 2016 Facebook ikakiri kuwa ilikuwa imekuza wastani wa muda ambao watu hutazama video hizo. Mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya watangazaji wa biashara. Waandishi waliofukuzwa hawakuwa sehemu ya malipo hayo. Nasi wa ukanda huu tusijitoe: vichwa vya habari vya “hutaamini alichofanya” tunaviandika kila siku, kisha tunashangaa msomaji hatuamini.

Tofauti ni kwamba Marekani hasara ilikuwa ajira na fedha, huku kwetu hasira hukuta bunduki tayari. Na walinzi ni wachache. Nyaraka hizohizo zilionyesha kuwa asilimia 87 ya muda uliotengwa kubaini habari za uongo ilielekezwa Marekani, na asilimia 13 ikabaki kwa dunia nzima. Kampuni ilisema takwimu hizo hazikujumuisha wakaguzi wa nje inaoshirikiana nao. Hata hivyo, msemaji wa Kiamhari, Kitigrinya au Kirundi anajua mwenyewe amewahi kuona nini kikiachwa bila kuguswa.

Meta inasema kanuni zake zinakataza uchochezi na kwamba imewekeza katika usalama nchini Ethiopia. Mahakamani ilijitetea kuwa haikusajiliwa Kenya, hivyo majaji wa Nairobi hawana mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilikataa hoja hiyo na kuruhusu kesi iendelee.

Pamoja na mfuko na mabadiliko ya algoriti, Abrham ameomba jambo moja lisilohitaji hesabu yoyote: kampuni imwombe radhi rasmi kwa kifo cha baba yake.