Mpira wa Nyongo: Namna ya Kuufunga Usichomoke

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Nyongo hiyo hupita katika mfereji wake na kuingia duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambako husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Mfereji ukizibwa na jiwe au uvimbe, rangi ya nyongo huingia katika damu. Macho ya mgonjwa huwa ya manjano, mkojo hukoza rangi, na choo huwa cheupe. Vijidudu vikizaliana katika nyongo iliyotuama, maisha ya mgonjwa huwa hatarini.

Zamani tiba ilikuwa kupasua tumbo. Mwaka 1968 William McCune na wenzake, huko Marekani, walieleza jinsi walivyoufikia mlango wa mifereji ya nyongo na kongosho kwa endoskopu, chombo cha kutazamia ndani ya mwili kinachopitishwa kinywani. Mwaka 1974 madaktari wa Japani na Ujerumani walieleza namna ya kuupanua mlango huo kwa waya wa umeme.

Kwa njia hiyo daktari huweza kuacha ndani ya mfereji ncha ya mpira mwembamba, wenye kipenyo cha milimita 2 hivi na urefu unaozidi mita 2. Mpira hupita duodeni, tumboni, katika umio na kooni. Kwa kuwa endoskopu ilipita kinywani, mpira nao hutokea kinywani. Lakini ukiachwa hapo mgonjwa angeuuma. Basi huhamishiwa puani kwa msaada wa mpira mwingine mfupi, kisha huunganishwa na mfuko ulioning'inizwa chini ya usawa wa kitanda, ili nyongo iteremke kwa uzito wake.

Hatari kubwa ni mpira kuchomoka. Ndani hushikiliwa na mikunjo yake tu. Mgonjwa hugeuka usingizini, hukohoa, hutapika, au huuvuta bila kujua akiwa bado amelewa dawa ya usingizi. Tena ngozi ya uso ina mafuta na jasho, hivyo plasta hubanduka. Mpira ukitoka kabla ya wakati, huenda mgonjwa akalazimika kurudiwa kazi ile ile pamoja na hatari zake, ikiwemo kuvimba kwa kongosho.

Kwa hiyo ngozi husafishwa na kukaushwa kwanza. Ukanda wa plasta hupasuliwa nusu: upande mzima hubandikwa juu ya pua, na miguu yake miwili huzungushiwa mpira. Mpira hufungwa mara ya pili shavuni, na mara ya tatu kwenye nguo, ukiachiwa ulegevu kati yake. Mkono ukiuvuta kwa bahati mbaya, ulegevu ule hukazika kwanza, na pua haipati mvuto wote.

Hapa kanuni ya fizikia yafaa kukumbukwa: kani ile ile ikiangukia eneo dogo, kanieneo huwa kubwa. Mpira unaokandamiza ukingo wa tundu la pua huzuia damu kupita na kuleta kidonda. Kwa hiyo hauna budi kuteremka katikati ya tundu bila kugusa ukingo, na plasta ibadilishwe kila ilegeapo.

Wauguzi hutia alama ya wino mahali mpira unapotokea puani. Alama ikisogea, mpira umesogea. Hupima nyongo na kuangalia rangi yake, maana mwili hupoteza maji na chumvi ambazo huenda zikahitaji kurudishwa. Mtiririko ukikoma ghafula, huenda mpira umepinda, umeziba au umehama, na daktari huarifiwa. Mgonjwa naye husukutua kinywa, hupakwa mafuta midomoni, na huelezwa mapema sababu ya mpira ule. Aelewaye huuvumilia vizuri zaidi.

Hivyo kazi iliyofanywa kwa vyombo vya thamani kubwa hutegemea pia ukanda mfupi wa plasta na jicho la muuguzi.