Mabingwa wa kusoma matope

Tanzania imewahi kushinda Safari Rally mara mbili mfululizo, na nadhani wengi wanaosoma ukurasa huu ndiyo kwanza wanasikia. Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1966, kisha Pasaka ya 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha. Dereva aliitwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa amelowea Dar es Salaam, na aliyekaa pembeni yake na kitabu cha njia alikuwa Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, ukoo uleule wa magari yaliyokuja kubeba abiria na mizigo ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, mpaka bodi zikaliwa na kutu na injini zikakataa kufa.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Jina la Safari Rally lilikuja rasmi mwaka 1974, na tangu katikati ya muongo ule makazi yake yakawa Kenya peke yake. Ndiyo sababu kijana wa leo akisikia Safari Rally anawaza Naivasha, wala hawazi Usambara wala ngazi za Mbulu, mahali ambapo wakati ule bingwa alijulikana.

Kanuni zilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutimiza. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 5,000 hivi, mchana na usiku, katikati ya masika, na haikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Nyuma ya kona angeweza kukutana na lori la mkonge, basi la abiria, kundi la ng'ombe au twiga aliyesimama katikati ya barabara. Magari nayo yalikuwa yale ya dukani. Miaka ya mwanzo hata makundi ya washindani yalipangwa kwa bei ya gari. Mikanda ya usalama ilikuwa bado mambo ya wachache.

Anayetaka kujua ujuzi ule ulikuwa wa namna gani hana haja ya kutafuta filamu za zamani. Apande milima ya Uluguru, hapa Morogoro, mwezi wa Aprili. Achukue njia ya Sangasanga kwenda Mgeta, apite Langali mpaka Nyandira, ambako mboga za soko la Dar es Salaam zinapakiwa. Au atokee Bigwa, apite Kiroka, akate kupanda Kinole. Milima hii, yenye kilele cha Kimhandu kinachozidi mita 2,600, inakinga mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, na upande wake wa mashariki unapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo mvua inayoujaza mto Ruvu. Ndiyo pia inayougeuza udongo mwekundu wa barabara kuwa utelezi ambao mtu mwenye viatu vya ngozi hawezi kusimama juu yake.

Mtazame dereva wa Land Rover ya mboga anapofika penye tope. Hakimbilii. Anasimama mbali, anashuka, anavua viatu, anaingia kwa miguu akiwa na fimbo. Anapima kina upande wa mlima, anapima upande wa korongo. Anaangalia alama za tairi za gari lililotangulia: je, zimetoka upande wa pili, au zimeishia katikati? Akirudi kwenye usukani ameshaamua gia, na hataibadilisha mpaka atoke, kwa kuwa kukanyaga klachi katikati ya tope ni kuomba kusukumwa. Anaweka tairi juu ya migongo ya barabara, anayaacha matairi yazunguke taratibu yakishika. Mwenye papara huungurumisha injini, matairi yakachimba kaburi lao wenyewe, na gari likakalia tumbo.

Sasa chukua busara hiyo, uipe saa inayokimbia, uipe usiku, uchovu wa siku ya tatu bila usingizi wa maana, na shindano zima linalokufuata nyuma. Hapo ndipo alipokuwa Shankland. Hakuwa na nafasi ya kushuka na fimbo penye kila tope. Alitakiwa aone kwa mwanga wa taa, akiwa bado anakwenda, kama ule weusi unaong'aa mbele ni maji ya kidole kimoja au shimo la kumeza boneti, na uamuzi wake ulipaswa kukamilika kabla breki hazijapoteza maana.

Takwimu zinaonyesha adhabu ya kukosea ilikuwaje. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968, mvua ikiwa mbaya kupita kiasi, yalianza 93, na waliofika mwisho walikuwa 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa yuleyule: Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyeishi Kenya, akiwa na Paddy Cliff, na mara zote mbili katika Peugeot 404. Kwa mtu anayedhani ushindi wa Safari ulikuwa bahati ya nani atakwepa shimo, hesabu hiyo inatosha kumnyamazisha. Bahati haichagui mtu mmoja katika miaka miwili mibaya kuliko yote.

Wageni walikuja na sifa zao kubwa, wakashindwa. Tangu mwaka 1953 mpaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeondoka na ushindi. Erik Carlsson wa Sweden, aliyekuwa amekwisha kushinda Monte Carlo, aliongoza mwaka 1963 mpaka alipomgonga muhanga usiku, safari ikaishia hapo. Mwaka uliofuata Saab yake ndogo ilinasa kwenye tope, na yeye na mwenzake wakaibiringisha gari zima, juu chini, mpaka likatua penye udongo mgumu, wakaendelea. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, Carlsson alilibiringisha tena mbele yao. Alimaliza wa pili. Huyu ndiye mtu aliyeieneza mbinu ya kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kuchochea mafuta, ili injini ile ndogo isipoteze nguvu na gari ligeuke mapema kwenye kona. Madereva wa rally wa leo wanaitumia mbinu hiyo bila kujua wamemrithi nani.

Kizuizi cha wageni kilivunjwa mwaka 1972, pale Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort. Hata baada ya hapo Safari iliendelea kuwa mwalimu mkali. Rauno Aaltonen, Mfini mwingine, bingwa wa Ulaya, alishika nafasi ya pili mara kadhaa na hakushinda kamwe.

Waliozaliwa au kukulia huku walikuwa na kitu kingine. Joginder Singh, mwana wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na dereva mwingine mwaka uliotangulia. Alipata namba moja ya kuanzia, kwa hiyo hakula vumbi la mtu, na akarudi akiwa bado wa kwanza. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Ila rekodi yake ninayoipenda si hizo tatu. Katika Safari 22 alizoshiriki alifika mwisho mara 19. Wengine walikwenda kasi kuliko yeye kwa saa moja, au kwa siku moja. Kwa siku zote, miaka yote, hakuna. Aliijua sauti ya gari linalotaka kuvunjika, akalipumzisha kabla halijavunjika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, alishinda mwaka uliofuata kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana, baada ya yeye na Harry Källström kurudi na adhabu sawasawa. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Nisieleweke vibaya. Sisifu kifo. Enzi hizo mchezo wa magari uliua watu hovyo. Katika mashindano ya Le Mans ya mwaka 1955 gari liliruka likaingia kwa watazamaji, zaidi ya watu 80 wakafa, na mashindano yakaendelea mpaka mwisho. Jim Clark, aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote wa wakati wake, alikufa Hockenheim Aprili 1968, siku chache kabla ya Safari ile ya magari saba. Jochen Rindt alifia Monza mwaka 1970 na akatawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Jackie Stewart, dereva mwenzao, alipoanza kudai vizuizi, madaktari na mikanda, wako waliomwita mwoga, na yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote waliomcheka. Hatari haikuwapa ujuzi. Iliwachuja tu, tena vibaya, maana iliwachukua wenye ujuzi pamoja na wasio nao.

Ninachokisifu ni kiasi. Neno hilo silisikii likitumika kwa madereva siku hizi, hasa katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, kilomita 190 hivi za lami ambako kila wiki kuna mtu anayedhani kuyapita malori kwenye kona ni udereva. Abiria wengine humshangilia. Dereva wa namna hiyo, katika Safari ya mwaka 1966, asingefika kituo cha pili. Kwa wale wa zamani, gari lilikuwa moja, vipuri vilikuwa mbali, na aliyevunja springi saa mbili usiku hakuwa na wa kumlaumu. Kasi walikuwa nayo, nyingi tu. Waliitumia penye ruhusa ya barabara.

Kuna kundi jingine lisiloandikwa popote, na haki inanidai nilitaje. Katika picha za magari yaliyonasa utawaona wanaume na vijana wa vijijini, miguu peku, matope mpaka kiunoni, wakisukuma. Wengine walilipwa, wengine walishukuriwa, wengine waliachiwa moshi. Waliokuwa kwenye usukani katika miaka ile karibu wote walikuwa Wazungu na Waasia. Waafrika wengi waliuona mchezo huu wakiwa nje ya gari, nao ndio walioujua udongo wenyewe. Ilichukua muda mrefu mpaka majina kama Patrick Njiru wa Kenya na Charlie Muhangi wa Uganda, bingwa wa Afrika wa mwaka 1999, yakaandikwa milangoni. Pengine hiyo ndiyo sababu Shankland alisahaulika upesi hapa kwetu: ushindi wake ulionekana kuwa sherehe ya watu wengine. Naielewa hisia hiyo. Hata hivyo alitokea Dar es Salaam, akaishinda Afrika Mashariki yote mara mbili, na hakuna aliyerudia kutoka nchi hii.

Rally ya leo ni mchezo mwingine, na ni vizuri iwe hivyo. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, sehemu za kushindania kasi zilikuwa kilomita 320 hivi, barabara zimefungwa, madereva wamezungukwa na fremu za chuma na helikopta ziko tayari. Kwetu, Mkwawa Rally ya Tanzania, inayohesabiwa katika ubingwa wa Afrika, imewahi kuleta magari yake hapa Morogoro, na vumbi lake limewavuta watoto wengi kuliko mkutano wowote wa kisiasa. Wanaona kasi ambayo Shankland hakuwahi kuifikia. Hawaoni mtu akiliendesha gari hilohilo siku nne huku akilihurumia.

Chama cha Magari Tanzania kina nafasi ya kurekebisha jambo dogo. Mashindano yajayo yakija Morogoro, kiwepo kikombe kimoja chenye majina ya Shankland na Rothwell. Kisiende kwa mwenye kasi zaidi. Apewe dereva wa nyumbani atakayefika mwisho na gari lililoharibika kidogo kuliko yote. Na wazee mlioyaona magari yale yakipita, au mlioyasukuma, mkiwa na picha au kumbukumbu, waiteni wajukuu waziandike sasa, maana Safari ya mwisho mnayoikumbuka inatimiza zaidi ya miaka 50.