Ukurutu (pumu ya ngozi) kwa watoto: aina zake, chanzo chake na matibabu

Mtoto mwenye ukurutu hujikuna mchana, na usiku hujikuna zaidi. Yeye halali vizuri, nawe hulali. Majirani wanaweza kukuambia kwamba humwogeshi, au kwamba maziwa yako hayamfai. Maneno hayo si ya kweli. Ukurutu hausababishwi na uchafu, haumwambukizi mtu mwingine, wala si kosa la mama.

Hakuna dawa inayouondoa ukurutu mara moja na usirudi tena. Lakini ukiihudumia ngozi ya mtoto kila siku na kutumia dawa sahihi kwa wakati wake, mtoto anaweza kulala, kucheza na kwenda shule kama wenzake.

Ukurutu ni nini?

Ukurutu ni hali ya ngozi kukauka, kuwasha na kuvimba. Wengi huuita pumu ya ngozi. Huja na kuondoka: ngozi hutulia kwa wiki kadhaa, kisha huchachamaa tena. Mara nyingi huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Katika baadhi ya nchi, hadi mtoto 1 kati ya 5 huupata. Wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua.

Vitabu vingi husema ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Angalia dalili hizi:

- sehemu zilizokoza kuwa kahawia, kijivu au zambarau
- vipele vidogo vidogo vinavyokwaruza ukipapasa
- ngozi kavu, ngumu au iliyopasuka
- alama za kucha pale mtoto anapojikuna

Ngozi ikipona inaweza kubaki na madoa meusi au meupe kwa miezi kadhaa. Madoa hayo si ugonjwa, na hufifia yenyewe. Usiyapake dawa ya kung'arisha ngozi.

Aina za ukurutu

Pumu ya ngozi. Ndiyo aina inayowapata watoto wengi. Kwa mtoto mchanga hutokea mashavuni, kichwani, mikononi na miguuni. Kwa mtoto mkubwa hukaa kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

Ukurutu wa magamba ya kichwani. Mtoto mchanga hupata magamba ya njano yenye mafuta kichwani, kwenye nyusi au nyuma ya masikio. Kwa kawaida hauwashi sana, na huisha wenyewe baada ya wiki au miezi. Lainisha magamba kwa mafuta ya mtoto, kisha yaoshe taratibu. Usiyabandue kwa kucha.

Ukurutu wa kugusana na kitu. Ngozi huchachamaa pale ilipogusa kitu kisichoipenda, kama sabuni ya kufulia, manukato, kifungo cha chuma au mkojo uliokaa kwenye nepi. Ukiondoa kitu hicho, ngozi hupona.

Ukurutu wa mviringo. Hutokea kama mabaka ya duara kama sarafu, mara nyingi miguuni na mikononi. Watu wengi hudhani ni fangasi.

Usichanganye na upele wala fangasi

Upele unaosababishwa na wadudu huwasha sana usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na mara nyingi watu wengine nyumbani nao hujikuna. Hapo familia nzima inahitaji kutibiwa siku moja.

Fangasi kama choa huwa na duara lenye ukingo ulioinuka, na katikati panaonekana kama pamepona. Ukilipaka dawa ya ukurutu, muwasho hupungua kwa siku chache huku fangasi wakienea chini kwa chini. Kwa hiyo mwonyeshe mtoto kwa mhudumu wa afya kabla ya kununua dawa yoyote ya kupaka.

Chanzo chake ni nini?

Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliopigwa plasta: maji hayatoki na vumbi haliingii. Ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi ina nyufa ndogo zisizoonekana. Maji hutoka na ngozi hukauka. Sabuni, vumbi na vijidudu huingia, na mwili hupambana navyo kwa kuvimba na kuwasha. Mtoto akijikuna, nyufa huongezeka na muwasho nao huongezeka.

Hali hii huenda kwa ukoo. Kama wewe, baba yake au ndugu zake wana pumu, mafua ya mzio au ukurutu, mtoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata.

Vitu vinavyouchochea hutofautiana kati ya mtoto na mtoto. Vya kawaida ni sabuni kali au zenye manukato, jasho, nguo za sufu, vumbi, moshi, hewa kavu ya msimu wa baridi na maambukizi ya ngozi.

Vipi kuhusu chakula? Kwa watoto wachache, hasa wadogo wenye ukurutu mkali, chakula huchangia. Lakini usimwachishe mtoto maziwa, mayai, samaki au karanga kwa kukisia tu. Mtoto anayekua anaweza kupata utapiamlo, na ukurutu ukabaki palepale. Endelea kumnyonyesha.

Huduma ya kila siku nyumbani

1. Mwogeshe mara moja kwa siku, kwa dakika 5 hadi 10, kwa maji ya uvuguvugu. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, na usimsugue kwa dodoki. Usitie dawa za kuua vijidudu kwenye maji ya kuogea.
2. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo.
3. Mpake mafuta mazito mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaselini ya kawaida isiyo na manukato inafaa na ni nafuu. Usitumie mafuta ya zeituni, kwani yanaweza kuidhoofisha ngozi.
4. Rudia kumpaka angalau mara mbili kwa siku, mwili mzima, hata siku ambazo ngozi inaonekana imepona. Chota kwa kijiko safi ili vidole visipeleke vijidudu kwenye kopo.
5. Mvalishe nguo za pamba, na suuza nguo zake vizuri hadi sabuni iishe.
6. Kata kucha zake ziwe fupi.

Nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto haraka. Mweke mtoto mbali na jiko, mshumaa na kibatari.

Usimpake limau, magadi, chumvi wala majani yaliyopondwa. Huiunguza ngozi ambayo tayari ina nyufa.

Dawa za kupaka zenye steroidi

Ukurutu ukichachamaa, mafuta peke yake hayatoshi. Mhudumu wa afya anaweza kukupa dawa yenye steroidi, ambayo hutuliza uvimbe. Wazazi wengine huiogopa na kuiacha baada ya siku moja. Wengine huipaka kila siku kwa miezi. Yote mawili yanamuumiza mtoto.

- Dawa hizi hazina nguvu sawa. Haidrokotizoni ya asilimia 1 ni nyepesi. Betamethasoni ni kali zaidi. Klobetasoli ni kali kupita zote, na haifai kwa mtoto mdogo isipokuwa daktari wa ngozi ameagiza.
- Usipake dawa kali usoni wala sehemu inayofunikwa na nepi.
- Kamua dawa kwenye kidole chako cha shahada, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.
- Ipake mara moja au mbili kwa siku, sehemu zilizochachamaa tu, hadi zitulie. Kwa kawaida ni siku 7 hadi 14. Kisha endelea na mafuta.

Kuwa mwangalifu na krimu za kung'arisha ngozi na mkorogo. Nyingi huchanganywa na steroidi kali bila kuandikwa kwenye kopo. Mtoto huonekana amepona haraka, kisha ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, na ukurutu hurudi kwa nguvu unapoiacha. Usinunue dawa isiyo na jina, na usimpake mtoto dawa ya mtu mwingine.

Mpeleke kituo cha afya haraka ukiona:

- usaha, majimaji au ukoko wa rangi ya asali
- ngozi iliyovimba, yenye joto na maumivu, au mtoto ana homa
- malengelenge mengi madogo yanayofanana, yanayouma na kuenea haraka. Hii ni dharura, nenda siku hiyohiyo. Husababishwa na kirusi kilekile kinachotoa malengelenge mdomoni, kwa hiyo mwenye malengelenge hayo asimbusu mtoto.

Mrudishe pia kama hapati nafuu baada ya wiki mbili za dawa, au kama hapati usingizi. Uliza kama hospitali ya wilaya au ya mkoa ina mhudumu aliyesomea magonjwa ya ngozi. Tangu 1992, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo si lazima umpate daktari bingwa wa jiji kubwa.

Ukienda, beba dawa na mafuta yote unayompaka, hata yale uliyopewa na jirani. Mhudumu akiyaona, itakuwa rahisi kwake kujua kinachomsaidia mwanao na kinachomuumiza.