Si Kila Wanjirũ ni wa Anjirũ

"Naitwa Wanjirũ. Je, mzimu unaoniongoza ni upi?" Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na wanaoliuliza hawaoni kwamba limebeba jibu lake la uongo tumboni. Huulizwa Nyeri mjini, huulizwa Karatina na Othaya, huulizwa na waliohamia Nanyuki, na siku hizi huulizwa hata na wanaume, ambao kwa kukosa jina la kike huazima la mama. Chanzo ni jedwali linalorushwa kutoka simu hadi simu. Upande mmoja yamepangwa majina ya mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, waasisi wa koo za Wakikuyu. Upande wa pili zimepangwa tabia, kazi ya kufaa, mchumba wa kufaa, na hivi karibuni mzimu mlinzi. Wanjirũ ni mganga na kiongozi, Nyambura huleta mvua, Wambũi ni hivi, Njeri ni vile. Mtu husoma mstari wake, hujiona humo, hushangaa. Asichofanya ni kusoma mistari minane iliyobaki aone jinsi anavyojiona humo pia.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndiyo nguzo ya jengo lote. Kila anayesoma ukurasa huu anajua utaratibu wetu wa kuwapa watoto majina: mvulana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, msichana wa kwanza kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama, kisha ndugu wa pande zote mbili kwa zamu. Kila mtu anajua, lakini wenye jedwali hawajawahi kuuweka utaratibu huo mezani wakaufuata hadi mwisho. Chukua nyumba moja ambayo baba ni wa ukoo wa Agacikũ. Mama yake huyo baba aliolewa kutoka mbarĩ nyingine, yaani tawi jingine la ukoo, na mara nyingi kutoka ukoo mwingine kabisa; tuseme alikuwa wa Ambũi, na jina lake ni Wangarĩ, kwa sababu nyanya yake naye aliitwa Wangarĩ. Basi msichana wa kwanza wa nyumba hii ni Wangarĩ. Wa pili, aliyerithi jina la nyanya mzaa mama, ni Wairimũ. Mabinti hawa wawili wamelala kitanda kimoja, wamekula chungu kimoja, baba yao ni mmoja na ukoo wao ni mmoja, Agacikũ. Jedwali litawaambia kwamba mmoja ni wa Angarĩ na mwingine ni wa Airimũ, wenye mizimu tofauti na tabia tofauti. Tena, kama ukoo kweli ungefuata jina, kaka yao angekuwa hana ukoo hata kidogo, au angehesabiwa mgeni kwa dada zake, na katika hesabu za ndoa mgeni huoleka. Hakuna mzee wa Mũkũrweinĩ ambaye angesikiliza hesabu hiyo hadi mwisho.

Kuna wanaojibu kwamba koo zetu zilianzishwa na wanawake, na kwamba masimulizi yenyewe yanasema wanawake ndio waliotawala hapo mwanzo, hadi wanaume walipokula njama ya kuwapa mimba kwa wakati mmoja na kuwapindua. Kwa hiyo, wanasema, jina la mwanamke ndilo lililohifadhi ukoo wa kweli uliofichwa chini ya utawala wa wanaume. Ni hoja yenye akili kuliko jedwali lenyewe, na inastahili jibu. Tukubali kwa muda kwamba ukoo wa kweli hupitia kwa mama. Msichana wa kwanza amepewa jina la nani? La mama wa baba yake. Yaani upande ule ule ambao nadharia hii inasema haurithishi ukoo. Ukihesabu ukoo kwa baba, jina linakupeleka kwa mama wa baba, ambaye ni wa kuolewa. Ukihesabu kwa mama, jina linakupeleka kwa mkwe wake. Kwa vyovyote vile jina halifuati njia ambayo ukoo hufuata. Linakuambia kitu kimoja tu, nacho si kidogo: ni nyanya gani amerudi nyumbani kupitia kwako.

Mfano usiohitaji hesabu ni Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, hapa hapa Nyeri, mwaka 1940, na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Katika kitabu chake Unbowed anaeleza kwamba yeye ni wa ukoo wa Anjirũ. Jina lake ni Wangarĩ. Ukoo wake si Angarĩ. Jedwali lingemkosea mwanamke mashuhuri kuliko wote waliotoka milima hii, na bado kuna watu wanaolitumia kuchagua wachumba.

Lakini wazee wenyewe, nitaambiwa, si walisema watu wa ukoo wa Ethaga wana nguvu juu ya mvua, na laana yao inaogopwa? Si Anjirũ walisifika kwa uganga? Walisema, na sifa hizo zipo katika maandishi ya tangu zamani. Tatizo ni matumizi. Sifa ya ukoo ilikuwa jambo la jamii: ilieleza nani aitwe mvua inapokawia, nani asikasirishwe, kiapo cha nani kiogopwe. Haikuwa picha ya moyo wa mtu mmoja mmoja, wala hakuna aliyemwona msichana wa Ethaga akadhani kwamba kwa kuzaliwa tu anajua kufunga mvua. Ujuzi huo ulifunzwa, ulirithishwa kwa wachache na ulikuwa na gharama zake. Tena sifa zenyewe hubadilika ukivuka mto: wanachosema watu wa Gaki, yaani Nyeri, juu ya ukoo fulani si lazima kiwe kile kinachosemwa Kabete. Hata idadi haijatulia. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliorodhesha koo tisa. Wengine wanahesabu kumi, kwa sababu kenda ya wazee ni kenda iliyojaa, na watu hawahesabiwi kama mbuzi. Jedwali lisilojua koo ni ngapi linajuaje mizimu yake?

Sasa tufike kwenye mzimu, ambao ndio kiini cha swali. Kenyatta, ambaye babu yake Kũngũ wa Magana alikuwa mũndũ mũgo, yaani mganga, na aliyeandika kama mtu wa ndani, anataja makundi matatu ya mizimu, au ngoma kwa Kikuyu: ngoma cia aciari, mizimu ya wazazi waliotutangulia, ngoma cia mũhĩrĩga, ya ukoo, na ngoma cia riika, ya rika. Linganisha hilo na swali la mwanzo. Mtu hakuwa na mzimu mmoja wa kwake peke yake. Alizungukwa na mizimu mingi aliyoshirikiana na wengine, na kila kundi lilimhusu kwa sababu ya uhusiano fulani: kwa kuwa mtoto wa nyumba, kwa kuwa mtu wa ukoo, kwa kuwa aliingia jandoni na wenzake. Wala mizimu hiyo haikuabudiwa. Ibada ilikuwa ya Ngai, yaani Mungu, peke yake, watu wakielekea Kĩrĩnyaga, yaani Mlima Kenya. Mizimu ilimwagiwa pombe, ikakumbukwa, ikaheshimiwa kama wazee walio hai wanavyoheshimiwa. Tofauti hii Kenyatta aliisisitiza sana, na anayechanganya jambo la Ngai na jambo la ngoma hajaanza kusoma.

Mtu wa kawaida hakuuliza kamwe, "Mzimu wangu ni upi?" Aliuliza, "Nani amekasirika, na anataka nini?" Aliuliza mtoto akiugua, mke akiharibu mimba, mifugo ikifa. Alikwenda kwa mũndũ mũgo, ambaye alitikisa kibuyu chake cha mbũgũ, akamwaga mbegu na vijiwe, akahesabu, akauliza tena, akahesabu tena. Na jibu halikumwambia mteja yeye ni mtu wa aina gani. Lilimwambia deni: baba yako hakumwagiwa pombe, nyanya yako alisahauliwa, kondoo achinjwe, ndugu waitwe. Jibu lilimrudisha mtu kwa jamaa zake na kumpa kazi ya kufanya nao. Jedwali linamtoa kwa jamaa zake na kumpa sifa za kujivunia akiwa peke yake na simu. Hilo ndilo linalonichosha zaidi ya makosa ya hesabu, kwamba limegeuza wajibu kuwa pongezi.

Kuna aliyeitwa kweli yeye binafsi, nami sitaki kumficha. Ni huyo huyo mũndũ mũgo. Lakini hakuna aliyetafuta wito huo kwa hamu. Ulikuja kwa ndoto, kwa ugonjwa usiopona, kwa misiba iliyofuatana, na wengi waliukimbia kabla ya kusalimu amri. Hata baada ya hapo hakujitangaza: waganga wenzake walimpima, wanyama wakachinjwa, akaingizwa kazini mbele ya watu waliomjua tangu utotoni na ambao wangemcheka angedanganya. Mtindo huo haukufa mishenari walipokuja. Arathi, manabii wa Roho ambao leo tunawaita Akũrinũ, walianza miaka ya 1920 wakiwa na ndoto na wito wao, na watatu kati yao waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934. Wito uliokubaliwa katika nchi hii, wa zamani na wa baadaye, ulijulikana kwa kile ulichomgharimu mtu mbele ya mashahidi.

Wanaopenda neno "mzimu mlinzi" kwa kawaida wamelitoa mbali. Wamesoma habari za Candomblé, dini iliyojengwa Bahia na Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani, ambamo kila mtu ana orixá, yaani roho mlinzi, mwenye kichwa chake, Oxum, Xangô, Ogum au mwingine. Wanataka na sisi tuwe na kitu kama hicho, na hamu hiyo siidharau. Ila wameiga hata Brazil vibaya. Huko nako wapo wanaouza orixá kwa tarehe ya kuzaliwa, na huko nako wenye dini yao huwakataa. Mama wa hekalu hurusha kauri, aghalabu 16, huuliza na kuuliza tena. Anayeingizwa hutengwa ndani kwa siku nyingi, kisha hubeba wajibu wa mwaka wa 1, wa 3 na wa 7 kabla ya kuhesabiwa mkubwa. Bahia ingewapa waulizaji wetu jibu lile lile la mũndũ mũgo: njoo, kaa na watu, tutaona. Na tarehe ya kuzaliwa ina kichekesho chake kwetu. Kenyatta mwenyewe hakuijua yake, na mpaka leo wanahistoria wanabishania hata mwaka. Lakini ukoo wake na rika lake hakuvipoteza.

Nitaambiwa ni mchezo tu, hauumizi. Unaumiza. Wachumba wameachana kwa jedwali ambalo halijui hata wao ni wa ukoo gani, huku wale walio wa mbarĩ moja kweli wakiruhusiwa kwa sababu majina yametofautiana. Na nyuma ya jedwali kuna namba ya simu, kama ile iliyo kwenye vibao vya waganga vilivyogongomelewa nguzoni kutoka stendi hadi sokoni: tuma ada, utajiwe mzimu, kisha tuma nyingine, uutulize.

La kufanya ni jepesi. Unataka ukoo wako? Muulize shangazi, dada wa baba yako, au mzee yeyote wa upande huo, mambo mawili: mũhĩrĩga na mbarĩ. Kama mama hakuolewa, ukoo ni wa babu mzaa mama. Kama wazee wamekwisha, nenda parokiani: Wakonsolata walifika mwaka 1902 na Wapresbiteri wa Tumutumu mwaka 1908, na vitabu vya ubatizo vina majina ya wazazi, ambayo yatakupeleka kwa jamaa walio hai. Madai ya ardhi yaliyopelekwa mbele ya tume ya ardhi ya Carter wakati wa ukoloni, hasa ya Kiambu, yamechapishwa na yanataja mbarĩ; Nyaraka za Taifa, Nairobi, zitakusaidia. Ukitaka kumkumbuka nyanya ambaye jina lake umebeba, tafuta kaburi lake, simulizi zake na jamaa zake, hakuna ada. Ukisikia sauti, usipolala, ukianguka kifafa, nenda kwanza hospitali ya rufaa ya kaunti, na mambo ya wito yangoje. Anayekutisha kwa mizimu ili utoe pesa, jua kwamba Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, na kituo cha polisi unakijua. Na Wameru na Waembu wasilitumie jedwali hili hata kwa mzaha: koo zao si za mabinti wa Mũmbi, na Wameru walikuwa na Mugwe, kiongozi wao wa kidini, ambaye Bernardo Bernardi aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1959. Waanzie huko.