Singe kuukuu: mali isiyofaa kupimwa kwa kilo

WEBUYE – Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, singe ya bunduki ya Martini-Henry, toleo la 1876, haifiki hata nusu kilo. Ataitupa kwenye rundo pamoja na nondo zilizopinda. Kwa mkusanyaji wa silaha za kale ni mali, na bei yake huamuliwa na mambo matatu: alama, hali na asili.

Kuhusu alama, singe ya bunduki ya Gras ya Ufaransa, toleo la 1874, ndiyo rahisi kusoma. Mgongoni pamechongwa jina la kiwanda, kama St. Étienne, pamoja na mwezi na mwaka. Namba ya singe ikilingana na ya ala, bei hupanda. Kuhusu hali, muuzaji anayeisugua kwa msasa ili ing'ae hujipunguzia faida, maana hufuta alama na ile rangi nyeusi ya ukongwe ambayo mnunuzi anaitafuta.

Asili ndiyo mtaji wa Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami katika ngome ya Chetambe, juu ya mji huu, dhidi ya kikosi cha Mwingereza C. W. Hobley kilichokuwa na askari wa Kisudani. Singe iliyothibitishwa kutoka vitani hapo ingezishinda kwa thamani nyingi za aina yake. Lakini ikifukuliwa kiholela, bila kumbukumbu ya mahali ilipolala, uthibitisho huo hupotea.

Sheria nayo haicheki na wachimbaji. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kukitafuta ardhini kunahitaji leseni, na kukipeleka nje kunahitaji kibali.

Ukusanyaji wenye tija una mfano karibu. Makavazi ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, na mwaka 1974 yakafunguliwa kwa umma. Webuye, iliyoumia kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa 2009, inahitaji biashara ya namna hiyo. Singe ikiuzwa ng'ambo humlipa mtu mmoja, mara moja. Ikihifadhiwa nyumbani pamoja na historia yake, mwongoza wageni, mwenye hoteli na mwendesha bodaboda watapata riziki kila mgeni anapopanda Chetambe.