Kinywa cha Mtu wa Pwani tangu Utoto Wake

Katika nyumba za mwambao, tangu Lamu hata Unguja, jino la kwanza la mtoto lilikuwa habari ya ukoo mzima na bibi ndiye aliyekuwa hakimu wake. Kwani mtoto alipofikia miezi 6 au karibu yake, akaanza kutokwa na udenda na kuguguna kila akishikacho, bibi alipitisha kidole juu ya ufizi wa chini akitafuta ncha ya jino lichomozalo, na akiipata alimshukuru Mola. Lakini lau jino lilitangulia kuota juu, furaha iligeuka hofu: mtoto aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi kwa wazazi wake, na zamani, miongoni mwa jamaa kadha wa kadha wa pwani na bara, kigego hakuachwa aishi. Dhuluma hiyo haina udhuru, maana jino la juu kutangulia ni tofauti ya maumbile tu. Wala tusiwacheke wazee wetu, ilhali hata zama hizi wako waganga, Tanzania na Uganda, ambao mtoto mchanga akiharisha hudai ana meno ya plastiki, wakamkwangua ufizi kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli.

Kwa watu wazima, insafu yataka tuwasifu. Mswaki, kijiti cha mti wenye ukali unaowasha ulimi kidogo, humenywa gamba kwenye ncha, hutafunwa hata nyuzi zikachanua, ndipo husuguliwa meno na ufizi. Na nyuzi zikichakaa, ncha hukatwa ikamenywa nyingine. Mtume aliuhimiza, kwa hiyo kuupiga kabla ya sala ni ibada na usafi pamoja, ila mchana wa Ramadhani wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi pwani, huuacha baada ya jua kupinduka.

Ajabu ni kwamba kinywa hichohicho kilichotunzwa alfajiri kilikirimiwa tambuu jioni. Jani lilipakwa chokaa, likatiwa popoo na katu, na aghalabu tumbaku, likakunjwa na kutiwa shavuni, hata midomo na mate yakawa mekundu. Na mgeni asiyepewa tambuu alijiona hakukaribishwa. Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake: mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hukumu kuwa popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, husababisha saratani.

Ila kosa letu kubwa, kwa rai yangu, li katika meno ya utotoni, ambayo ni 20, na ambayo kwa kuwa yatang'oka tumeyafanya hayana haki. Mtoto hulishwa kaimati na chai ya sukari akalala bila ya kusukutua, na jino liling'okapo hurushwa juu ya paa ili apate jipya, mambo yakaishia hapo. Kumbe karibu na umri wa miaka 6, nyuma kabisa ya meno hayo, huota gego la kudumu pasipo jino lolote kung'oka kulipisha, na mama, akidhani ni la utotoni, huliacha likaoza, ilhali halina badali. Basi ewe mzazi, mwanao afikapo umri huo mfumbue kinywa mchana kweupe, uyahesabu magego yake ya nyuma, na ulionapo hilo lisugue usiku na asubuhi kwa mkono wako mwenyewe.