Kasanga: bandari iliyokosa mji

Ukishuka kwa gari kutoka Matai kwenda Kasanga, kusini-magharibi mwa Tanzania, masikio huziba kabla macho hayajaliona ziwa. Maji ya Tanganyika yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Ufipa umeyapita kwa karibu mita elfu moja. Mteremko huo ndio ulioamua historia ya Kasanga, tangu enzi za Wajerumani walipopaita Bismarckburg: chini palikaa boma na gati, juu palikaa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa chuma. Wafipa walijenga matanuru ya udongo yaliyomzidi mtu kimo, mengine yakikaribia mita tatu, wakayaita malungu. Mkaa na mawe ya chuma vilipangwa humo kwa matabaka, na moto ukajivutia hewa wenyewe kupitia matundu yaliyozunguka kitako. Hapakuhitajika mtu wa kuvukuta. Tanuru likawaka kwa siku kadhaa. Kilichopatikana kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kikahamishiwa tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na muda wote wa kuyeyusha wanaume walijitenga na wake zao. Wako wanaouita huo ushirikina. Mimi naona sheria za kiwanda: hakuna aliyeacha moto akaenda kulala nyumbani.

Jembe la Ufipa lilitolewa kama mahari na lilisafiri mbali kibiashara. Upande wa pili wa uwanda, bondeni kwenye Ziwa Rukwa, wafumaji walitengeneza nguo za pamba, hata baada ya misafara kutoka pwani kuanza kuleta merikani, kitambaa kilichotoka kwenye viwanda vya New England, Marekani. David Livingstone alipopita mwambao huu mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, alikuwa akipita nchi yenye mafundi wake.

 

Wajerumani hawakufuata chuma. Walitaka ziwa na mpaka, kwa kuwa Mwingereza alikuwa jirani tu, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, nchini Zambia. Boma lao likawa makao ya wilaya, lakini ujirani huo huo ukaliponza. Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini kililifikia kwa nchi kavu, huku boti za kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, zikiwa ziwani. Spicer-Simson aliiona mizinga ukutani, akasita kukaribia. Askari wa Kijerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi, na baadaye ikasimuliwa kwamba ile mizinga ilikuwa ya mbao. Kama ni kweli, basi mbao hizo zilifanya kazi kuliko bunduki nyingi za vita vile.

Meli iliyokuja kuunganisha Kasanga na dunia ilipitia vita hivyo hivyo. Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Lakini utawala wao hawakuuacha ufukweni. Waliupandisha uwandani, kwenye hewa ya baridi na mashamba. Majembe ya viwanda vya Ulaya nayo yakawa rahisi, malungu yakazimika moja baada ya jingine.

Wilaya ya Kalambo, ambamo Kasanga imo, ilipoanzishwa mwaka 2012, makao yake yakawa Matai. Sioni cha kushangaza. Mashine za kusaga ziko Matai kwa sababu mahindi yako Matai, na barabara ya kilomita 112 kutoka Sumbawanga hadi bandarini inapita hapo hapo. Malori hushuka na mahindi, na saruji ya kwenda Congo, kisha migebuka na dagaa hupanda kwenda sokoni.